Namba Mbili

Nilisimama kwenye uzio, penseli sikioni,
ukumbi wa michezo wa Carrowmoyle, magharibi ya Ireland,
saa tatu asubuhi. Masanduku yakamwagwa mezani
kama viazi.
Miaka thelathini na mmoja kazi yangu ndiyo hii:
kuchungulia karatasi zikikunjuliwa,
kupiga vijistari vinne, cha tano kuvikata,
na kukiambia chama kabla ya chai
nani ameula, nani ameliwa.

Kwetu hatutii alama moja tukaenda zetu.
Twawapanga wagombea kwa namba: moja, mbili, tatu,
mpaka moyo ugome.

Redioni wana neno lao siku hizi: kuchagulika.
Wanalitamka kana kwamba ni kimo, au rangi ya macho,
kitu mtu anazaliwa nacho.
Haya, mtazameni Fintan Mulqueen.
Fintan hakosi maziko. Iwe mvua, iwe mafua,
utamkuta langoni pa makaburi, kofia kwapani,
akikushika mkono kwa mikono yake miwili,
akimtaja marehemu kwa jina, na mbwa wa marehemu kwa jina.
Ana medali ya mwaka ule tulipofika fainali
(alikaa benchi, lakini benchi nalo lilifika fainali).
Babaye diwani. Babuye diwani.
Shimo lililo mbele ya duka la Tierney lina umri wa binti yangu:
kila uchaguzi Fintan hulijaza kokoto,
kila Januari mvua hulifukua.
Zimwi likujualo halikuli likakwisha, wanasema.
Sisi limetufika magotini
na bado twalisifia adabu ya kutafuna.

Na Dympna Geraghty, muuguzi,
aliyepita nyumba hadi nyumba na vichupa vyenye lebo
mwaka wa pili wa kuchemsha maji ya bomba;
aliyeandika kurasa arobaini kuhusu mtambo wa kusafishia,
akazisoma mbele ya baraza bila kuketi.
"Mkweli yule."
"Ana kichwa."
"Ila hashindi."
"Kwa nini?"
"Watu hawatampa."
"Watu gani?"
Hapo kijiko kinakoroga chai iliyokwisha korogwa.

Sauti yake kali kidogo, walisema.
Si wa hapa, walisema: amehamia juzi,
juzi ya miaka kumi na tisa, kutoka kaunti ya jirani.
Nuala wa posta aliniambia,
"Mimi ningempa, ila wale wa mlimani, unawajua."
Nikapanda mlimani na vipeperushi.
Packie Devane, mikono ndani ya sufu ya kondoo:
"Sisi tungempa. Ila ninyi wa mjini, mh."

Basi zikafunguliwa.
Mulqueen moja, Geraghty mbili.
Tierney moja, Geraghty mbili.
Sanduku la mlimani, mbili. La posta, mbili.
La shule, mbili, mbili, mbili,
na mbili haihesabiwi mpaka aliye juu yake aanguke au ashibe.
Raundi ya tatu wakamtoa:
moja zake mia mbili na kumi na nne.

Alikuja kwenye uzio, koti la mvua bado limefungwa,
akaniomba daftari. Akafuata vijistari kwa kidole.
"Hizi zote?"
"Zote."
Akanirudishia, akanishukuru,
akaenda kumsaidia mzee mmoja kutafuta miwani.

Sikumwambia kuhusu karatasi ya saa tano kasorobo,
ile yenye mbili ya mkia mrefu unaopinda mwishoni,
walivyotufundisha masista, fimbo mezani.
Wanaoiandika hivyo hapa tumebaki wachache.
Niliitazama ikilazwa juu ya nyingine.
Nikaipigia kijistari.

Usiku Fintan alibebwa mabegani, akanipungia,
akaniita kwa jina, akauliza hali ya mbwa.
Nikarudi nyumbani, nikajaza birika,
nikangoja ichemke.